Kupima Kioo cha Jua kwa Shuka

Ilianza Jumamosi, saa nne kasorobo asubuhi, nyuma ya jiko la shule yetu hapa Kasulu. Kioo chetu cha jua, bati tulilolisugua mpaka likang'aa ili likusanye miale kwenye sufuria, pana kuliko mlango wa bweni, kilikuwa kimeshindwa kuchemsha maji wiki nzima. Mkuu wa shule alishasema: maji yasipochemka kesho asubuhi, bati linakwenda kuezeka banda la kuku.

Kioo chenyewe si duara. Ukuta wa jiko unakinga jua upande mmoja, kwa hiyo kushoto tulikikunja zaidi. Umbo la namna hiyo hulipimi kwa rula. Mwalimu wa fizikia, mtu wa Tanga, alitundika shuka jeupe mbele ya kioo, tukalichora mistari ya mkaa, akatoboa tundu katikati. Unachungulia tunduni, unatazama mistari ndani ya kioo. Ikipinda taratibu, bati liko sawa. Ikivunjika ghafla, hapo pana bonde.

Wenzangu walichungulia, wakasema safi. Zamu yangu nikaona mstari mmoja, chini kushoto, umevunjika ghafla, umelala. Nilitaka kunyamaza. Darasani huwa sisemi, maana nikiogopa, r na l zangu za Kiha zinapishana. Lakini bati lingeondoka.

"Mwalimu, mstali umerara."

Kicheko! "Umerara? Mwamshe basi!" alisema dada mkuu.

"Mfunike blanketi!" mwingine akadakia.

Mwalimu akachungulia, akakawia. "Kweli, ume... umerara," alijaribu kusema kama mimi, na ulimi wake wa Tanga ukajikwaa vibaya sana. Hapo hata mimi nilicheka. "Haya binti, usibanduke. Sisi tunagonga, wewe tuambie."

Wakagonga kwa nyuma, nyundo imezungushiwa kitambaa.

"Bado umerara! Kidogo tena... umeinuka, acheni!"

Nilikuwa napiga kelele. Mimi! Wakahamia pembe nyingine, na dada mkuu mwenyewe akaniuliza, bila utani, "Na huku pamerara wapi?"

Jumapili asubuhi nilibandika sufuria kwa mikono yangu. Mkuu wa shule alisimama kando. Mfuniko ukaanza kuchezacheza, kisha mvuke ukatoka.

"Kuku watatafutiwa bati lingine," alisema.

Nikatia majani ya chai, nikammiminia yeye kwanza. Kikombe cha pili nilikunywa mwenyewe, nimesimama palepale mbele ya wote.