Kumfukuza Tembo wa Riyadh

Nyumba yetu ya Aziziya, Jeddah, ilikuwa nyumba ya kunyata. Madam wangu, daktari wa Kisudani aliyeishi huko miaka mingi, alinikataza kubamiza kabati, kutwanga viungo, hata kuangusha kifuniko cha sufuria. Yote kwa sababu ya mpwa wake wa miaka sita, aliyevushwa kwa meli kutoka kwenye vita vya Sudani, wazazi wake wakakwama Misri wakingoja karatasi. Mlango ukijipiga tu, mtoto alikuwa chini ya meza. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nami, mtu wa sauti na makelele tangu kuzaliwa, nikawa napika kama mwizi.

Shida ilikuwa shule. Mwaka wa kwanza hakumaliza hata asubuhi moja: kengele ililia, akakimbia hadi barabarani. Mwalimu mkuu akasema watamjaribu mara moja tu tena, muhula mpya ukianza. Madam hakuwa na raha, na kwa kuwa nilimpenda mtoto yule, hata mimi sikuwa nayo.

Likizo hiyo madam akatupeleka Riyadh kwenye bustani ya wanyama. Aliendesha mwenyewe siku nzima jangwani, akiimba. Ile ruhusa ya wanawake kushika usukani ilikuwa bado inamlevya. Njiani alinisimulia kwamba zamani bustani ile ilikuwa na siku za wanaume na siku za akina mama. Sasa kila mtu anaingia na watu wake.

Mtoto aliwafurahia twiga, akawahurumia nyani. Mimi nilikuwa nyuma na mikate na chupa ya chai, ile ya bati. Tukafika kwa tembo. Sasa, mimi ni mtu wa Voi. Kwetu tembo si kitu cha kutazama na aiskrimu mkononi, ni mwizi wa mahindi. Yule alipokuja kwenye uzio na kuinua mkonga, sikufikiri. Mazoea yana taabu. Niliigonga chupa kwenye chuma cha uzio kwa nguvu zangu zote, nikimfokea kwa Kitaita arudi kwao.

Watu wakageuka. Mtoto alikuwa chini ya benchi, amejikunja, ameziba masikio.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nililala kifudifudi na abaya yangu, nikajisukuma chini ya benchi mpaka pua zetu zikakaribiana.

"Nisamehe," nikamwambia kwa Kiarabu changu cha jikoni. "Kwetu tembo akija shambani tunagonga masufuria, aondoke."

"Halafu anakufa?"

"Mafi. Hakuna anayekufa. Ananuna tu, anaenda zake."

Akaachia masikio. "Nani anagonga?"

"Watoto ndio mafundi. Mimi nilianza nikiwa mdogo kuliko wewe."

Akanyoosha mkono, akataka chupa. Alitoka, akafumba macho, akagonga mara moja, taratibu. Tembo akaendelea kula majani.

"Khalto," akaniambia, maana aliniita mama mdogo, "hajasikia."

Akagonga tena, macho wazi. Mara ya nne tembo aligeuka akatuonyesha makalio, na mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Chupa ilikuwa imebonyea, chai inavuja. Mlinzi akaja mbio akisema halas, halas, yatosha, na madam, machozi yakimtiririka waziwazi, akamwomba amwachie mtoto dakika moja tu.

Shule ilipofunguliwa, mimi na madam tulisimama nje ya lango, amenishika kiganja hadi kikaniuma. Kengele ikalia. Tukalikodolea lango macho. Hakutoka mtu.

Adhuhuri mtoto alitoka mkoba wazi, amekasirika. Kengele yao haina nguvu, alisema, na amekwisha kumwambia mwalimu kwamba kesho ataipiga yeye.