Bi Chaki, anayechora meli sakafuni

Saa tatu kasorobo asubuhi, sakafu ya ofisi ya usafiri bado ina unyevu wa deki. Katikati yake amepiga magoti mwanamke wa miaka hamsini na miwili, chaki mkononi, futikamba shingoni. Anachora kitanda. Anachora mlango. Kisha anachora choo, kidogo kiasi kwamba mhasibu anayepita na kikombe cha chai anasimama kushangaa.

"Hapo anaingia mtu au mswaki tu?"

"Ndiyo maana nachora," anajibu bila kuinua kichwa. "Kwenye picha za matangazo choo hiki ni uwanja wa mpira."

Wenzake wanamwita Bi Chaki. Kazi yake ni kuwachagulia watu safari za meli za mapumziko, na wateja wake wengi ni wastaafu. Ana miaka kumi na tisa kwenye meza ya karibu na mlango, kwa mshahara ambao, kwa maneno yake, "tarehe ishirini unakuwa hoi".

Mwaka jana nusura aondolewe kazini. Wenzake huuza safari kwa nusu saa. Yeye humaliza siku tatu na mume na mke mmoja. Mwenye ofisi alimpa mwezi mmoja ajirekebishe, la sivyo afungashe vyake.

Ndani ya mwezi huohuo wakaingia mwalimu mstaafu wa hesabu na mkewe, mkunga mstaafu. Watoto wao wanne walikuwa wamechanga kuwazawadia safari ya miaka arobaini ya ndoa. Tena walikwisha kuchagua: meli ya ghorofa kumi na tano, muziki kutwa nzima, bandari saba kwa siku nane. Ilibaki kukata tiketi tu.

"Nikamuuliza mzee anapenda chumba cha upande gani," anakumbuka Bi Chaki. "Akasema, 'Wowote, watakavyo watoto.' Mtu kafundisha hesabu miaka thelathini, leo hana jibu? Nikajua hapa pana jambo."

Akachukua chaki. Alichora chumba cha meli ile kwa vipimo vyake halisi, akaweka viti viwili mahali pa kitanda, akawaambia wazee wakae humo robo saa. Chaki ni ukuta, hakuna kuvuka.

Bibi alicheka kama msichana. Mzee hakucheka. Alipoinuka kwenda "chooni", goti likamgomea, akapapasa kishikio kisichokuwepo, mkewe akamdaka.

"Mama watoto, mimi siendi," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Siku ya safari nilipanga kusingizia homa."

Kumbe goti lilimtesa mwaka mzima naye akalificha. Aliona aibu kuwa mzigo kwa mke aliyeitamani safari ile tangu ujana wake. Mkunga akamkazia macho.

"Nimezalisha nusu ya mji huu, mwalimu, halafu wewe unanificha goti?"

Bi Chaki akaanza upya. Siku ya tatu akaipata: meli ndogo ya abiria mia mbili, chumba hatua kumi na nane kutoka kwenye lifti, vishikio chooni, bandari tatu tu, na kote meli inafunga gatini, hakuna kushushwa kwa mashua. Kifungua mimba wao aliposikia akapiga simu, amekuja juu.

"Dada, hiyo si meli, ni kitanda cha kulalia tu! Tunataka wazee wafurahi!"

Bi Chaki hakubishana. Akampa mzee simu.

"Mwanangu," mzee akasema, "mimi nataka kukaa na mama yako, nitazame maji, nisikimbizwe na mtu. Basi."

Sauti ya kwenye simu ikalainika: "Sasa baba, si ungesema?"

Bi Chaki alipiga vigelegele palepale, mpaka mwenye ofisi akatoka chumbani kwake kuona kuna nini.

Mwezi ulipoisha, wazee walikuwa bado majini, na uamuzi wa mwenye ofisi ukasubiri warudi. Walirudi wameng'aa, wameshikana mikono, wakisimulia kwa zamu na kukatizana. Wakaitangaza habari kwa wastaafu wenzao. Kwa miezi miwili waliingia wazee jozi kumi na moja, kila mmoja akimtaka "yule wa chaki". Mwenye ofisi hakutaja tena kujirekebisha. Alinunua katoni nzima ya chaki kwa mkono wake.

Sasa Bi Chaki ameomba likizo. Amepima mamia ya vyumba kwa kuuliza kwa simu, lakini hajawahi kukanyaga meli. Mwezi ujao atapanda na mumewe, fundi bomba. Mwalimu aliposikia alikuja na daftari, akakaa kiti cha muuzaji, akamwelekeza yeye kiti cha mteja.

"Haya mwanangu, sema ukweli. Wewe unataka nini?"

Bi Chaki akajibu papo hapo.

"Dirisha kubwa, baba. Na mtu mwingine anipikie chai."