Mzee Aliyesimama Nyuma ya Mumbi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo cha Picha hakunipa kamera. Aliniingiza chumba cha giza, akawasha taa nyekundu, akanionyesha negativu, kile kipande cha mkanda kinachobeba picha kinyume, cheupe kikiwa cheusi. "Hii haikwanguliwi, kijana. Ukitaka kurembesha, rembesha karatasi." Nilimwona ni mzee mwoga tu.

Soko huria lilipoingia, ofisi yetu ikapunguza watu, nikaangukia kwa Meneja wa duka la picha pale mtaani Bombambili. Huyu alitaka kalenda ya ndege wa porini. Akanituma Madaba nikampige picha mumbi, ndege mkubwa mweusi mwenye koo jekundu, anayetembea chini kama bwana shamba akikagua mahindi. Siku tatu sikumwona. Nilimsikia tu, sauti nzito kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi, na kila nilipoifuata ilihamia nyuma yangu. Niliogopa, sifichi.

Siku ya nne akaja mzee mwenye shamba nilimokuwa nikivizia. Nikamwamkia.

"Marahaba. Unamfukuza, ndiyo maana haji. Tulia hapo."

Akasimama kando ya kichaka na shati lake jeupe, kimya. Mumbi akatoka, akaenda moja kwa moja mbele yake, akasimama. Nikapiga moja, mkanda niliopigia ndege wengine ukaisha.

"Na mimi nimo?" akauliza. "Sijapigwa picha tangu nizaliwe. Uniletee yangu."

Nikamwahidi.

Meneja alikunja uso. "Watu wananunua ndege, hawanunui wazee. Mtoe." Alitaka pia nakala kubwa za kuuza, na kila moja ingehitaji kupakwa wino kwa brashi. Nikaona uvivu. Nikachukua wembe, nikamkwangua mzee kwenye negativu yenyewe. Unapokwangua, karatasi hutoa giza, na giza lile likaungana na la kichaka. Nilijisifu.

Kalenda ilikuwa imeshatoka binti wa yule mzee alipokuja dukani, amejifunga kitambaa cheusi.

"Kaka, baba ametutoka. Arobaini inakaribia, na picha yake ni hiyo moja uliyompiga."

Nikasema mkanda uliungua. Alitazama kalenda ukutani, akaweka kidole pale kichakani.

"Si huyu hapa?"

Akainunua, akaondoka. Nikachukua nakala nyingine, nikatazama pale alipogusa; niliona giza tu.

Ninyi mnaofuta watu kwa kidole kwenye simu mtanicheka. Lakini baada ya kustaafu sikupata amani, nikapanda basi hadi Madaba kuomba radhi. Ukurasa ule wa kalenda niliukuta sebuleni, kwenye fremu. Yule binti sasa ni bibi.

"Dada, mkanda haukuungua. Nilimkwangua baba yako kwa wembe."

"Tulijua, kaka. Kunywa chai."

Mjukuu wake mdogo akanivuta hadi kwenye fremu. "Babu yetu huyu, amevaa shati jeupe."

Nikavaa miwani, nikainama. Giza lile ni kazi ya mkono wangu, hakuna aliyelijua vizuri kuliko mimi. Lakini shati nililiona.