Wimbo Mmoja kwa Jioni

Sisi tuliokulia Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, enzi za kaseti tunajua thamani ya wimbo, na ndiyo maana leo nakasirika. Nauza vitenge hapa Mbarara. Jirani yangu wa kulia ana spika, wa kushoto naye ana spika, na tangu asubuhi zinaimba nyimbo mbili tofauti bila mtu hata mmoja wa kuzisikiliza. Hata matangani siku hizi wanaleta spika kubwa kuliko jeneza, na mfiwa anashindwa kusikia kilio chake mwenyewe. Jambo hili linanichoma.

Kwetu Nakivale muziki ulikuwa na adabu yake. Tulikuwa na radio ya kaseti, na mawe yake, yaani betri, tuliyaanika juu ya bati kando ya maharage. Yakichoka sana tuliyang'ata kwa meno ili yapate nguvu. Tukishateka maji, tukishacheza mpira wa majani ya migomba mpaka magoti yajae vumbi na damu, tukishakula bugali na sombe ya majani ya mihogo, baba alitoa radio mbele ya mlango jua likiwa bado lipo. Mama alichagua wimbo mmoja. Mmoja tu. Hakuna kutafuna, hakuna kufinyana, na ole wako ukohoe makusudi. Wimbo ukiisha, mama alizima radio akatugeukia mmoja mmoja.

"Imekukamata fasi gani?"

Ukijibu kwamba wimbo ni mtamu, umejitafutia maneno. "Sikukuuliza kama iko muzuri. Nakuuliza fasi yenye imekukamata." Basi unajipekua mwili mzima kutafuta mahali hapo: kifuani, kooni, mabegani. Siku moja kaka yangu Amani alisema umemshika kwenye nyayo. Tulicheka mpaka tukagaragara, lakini mama hakucheka. Alisema mtoto huyu anataka kukimbia. Kumbe Amani alikuwa amepasua jerikani la jirani na hajamwambia mtu.

Halafu ukaja mwaka ambao baba mdogo alifika kutoka Kongo, akitaka yeye na baba warudi Fizi kuangalia mashamba. Watu wazima walikuwa na furaha, nami nikajifanya nina furaha. Jioni ile wimbo ulipoisha nikasema umenishika moyoni, nimefurahi.

"Unadanganya," mama akasema kwa upole. "Mukono yako iko ku tumbo."

Nikatazama. Kweli mkono wangu ulikuwa umeshika tumbo, na sikuwa nimeutuma. Hapo ndipo nilipojua kwamba naogopa, na nikalisema neno hilo mbele ya wote: naogopa baba asirudi. Baba alikwenda hata hivyo. Lakini kesho yake, kabla hajafunga mzigo, aliniketisha akanieleza, mimi mtoto, atapita njia gani na kwa nini atarudi. Akarudi. Mama alizoea kusema, "Uchungu yenye unajua fasi iko, haiwezi kukushitukiza."

Miaka yote hiyo nilidhani mama anabana matumizi ya mawe. Baba alipopata sola, radio ingeweza kuimba mpaka jogoo awike, na bado mama aliizima baada ya wimbo mmoja. Tukinung'unika anajibu neno moja tu: kesho.

Sasa nawatazama hawa watoto wetu. Mifukoni wana nyimbo nyingi kuliko maharage kwenye gunia. Wimbo haujafika nusu, wameuruka. Waulize wanasikia nini ndani yao, watakwambia, "Vaibu tu, mama." Vaibu iko kiungo gani cha mwili?

Binti yangu Riziki ni mmoja wao. Rafiki yake Klodeti, mtoto wa Warundi aliyekuwa akiimba naye kwaya, amehamishiwa ng'ambo pamoja na familia yake. Tangu siku hiyo Riziki hakutoa spika za masikioni, na sahani yake ilirudi jikoni na chakula chake. Kila nikimuuliza alijibu, "Niko sawa." Nilivumilia hadi Jumapili mchana. Nikamtoa spika hizo masikioni, nikamketisha barazani na simu katikati yetu, nikamwambia achague wimbo mmoja. Alikuwa na hasira nami. Akachagua ule waliourekodi na Klodeti kanisani.

Ulipoisha akataka kubonyeza mwingine. Nikafunika simu kwa kiganja.

"Imekukamata fasi gani?"

"Mama, hayo ni mambo ya koko," akasema. Koko ni bibi yake, mama yangu.

"Ndiyo. Na mukono yako iko ku shingo."

Akautazama mkono wake. Ulikuwa umeshika koo kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. "Hapa," akasema taratibu. "Sikumuaga, mama. Nilijificha ili nisimuone anapanda gari." Akalia, na kwa mara ya kwanza tangu Klodeti aondoke nilimsikia mwanangu.

Jioni hiyo alikula. Spika za mtaani hazikunyamaza, na wala sitarajii zinyamaze. Enzi zetu tulikuwa na kaseti chache zilizochakaa, na kila mtu nyumbani alijua mwenzake anaumwa wapi. Leo nyimbo zote za dunia ziko kiganjani, na mtoto wangu nusura afe njaa mbele yangu akiniambia yuko sawa.

Baada ya kula aliishika simu. "Mama, naweza kurudilia ile wimbo?"

Simu ilikuwa na chaji tele.

"Kesho," nikamwambia.