Simu ya Mama Ilivyopambwa na Wifi

Simu ya mama nilimnunulia mimi. Nasema hili mapema kwa sababu nyumbani kwetu Tosamaganga, Iringa, ukiuliza leo, utadhani aliyeileta ni wifi.

Ninaishi Soweto, Mbeya, na ofisini kwetu mimi ndiye fundi wa kupamba simu. Mtu akinunua mpya ananiletea nimwekee lancha nzuri, ile programu ya kubadilisha sura ya skrini, nimpangie aikoni kwa rangi, nimwekee saa na kalenda kwenye skrini ya mwanzo. Yangu mwenyewe huwa naibadilisha kila nikiichoka, kama wengine wanavyobadilisha mapazia. Sasa mtu wa namna hiyo uje umwambie kwamba simu ya mama yake mzazi imepangwa na mke wa kaka yake!

Na mama aliniambia, tena si mara moja. "Mkwe kanitengenezea simu, siku hizi nagusa tu." "Mkwe kaniwekea maandishi makubwa." Nilikuwa naitikia, "Safi, mama," huku roho inaniuma. Wifi anaishi naye, anampikia, anaongozana naye kanisani. Hata simu, jamani? Simu si angeniachia mimi.

Kilichokuwa kinanipoza ni kitu kimoja. Sisi watu wa huku salamu haijakamilika mpaka tumeulizana baridi na mvua, lakini mama yangu alikuwa haulizi. Alikuwa anajua. Asubuhi ananipigia, ananisalimu kwa Kihehe: "Kamwene. Leo huko kwenu usitoke bila mwavuli." Na kweli, kabla sijafika kazini inamwagika. Nilikuwa nawatambia majirani kwamba mama yuko Iringa lakini mvua ya Soweto anaisikia mwilini. Nilijiambia kuna mambo ambayo mkwe hatayapata hata apike ugali mpaka azeeke.

Masika yalipoanza nikaenda nyumbani. Mbeya niliiacha inanyesha. Iringa nikakuta jua kali, mashamba yamelimwa, watu wanasubiri. Mama alikuwa barazani, wifi yuko jikoni. Hata chai sijanywa, nikaomba simu.

Ilikuwa nzuri. Inaniuma kusema, lakini ilikuwa nzuri. Aikoni nne tu, kubwa kama vifungo vya koti. Nyuma yake picha ya watoto wa wifi, wanacheka ndani ya sare za shule. Uso wangu haukuwepo popote. Na juu, nusu nzima ya skrini, wijeti ya hali ya hewa: wingu jeusi, matone ya mvua, nyuzi kumi na nne.

Nikatazama nje. Jua. Mashuka kwenye kamba yameshakauka. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwelikweli: wifi kakosea.

"Mama, hii imeharibika," nilisema kwa sauti ya kufika jikoni. "Inakuambia mvua wakati jua linachoma. Ngoja nikutengenezee vizuri."

Nikaibonyeza, nikaishikilia, nikaiburuta mpaka kwenye alama ya kufuta. Ikapotea.

"We! Acha!" Mama alinidaka mkono, lakini alikuwa amechelewa. "Hiyo si ya hapa. Hiyo Mbeya hiyo! Sasa nitajuaje kama unanyeshewa?"

Wifi alitoka jikoni anafuta mikono kwenye kitenge. Alieleza taratibu, bila kinyongo, na hilo nalo liliniudhi. Jina la mji alikuwa amelificha ili tarakimu ziwe kubwa, maana macho ya mama hayaoni vizuri. "Nilitaka kumwekea ya hapa, akakataa. Alisema ya hapa ataiona mlangoni. Ya kwako ndiyo haioni."

Kumbe nafasi ile kubwa, nilipoitafuta sura yangu nikaikosa, ilikuwa yangu. Hilo peke yake lingenitosha, kama ningekuwa mtu wa kutosheka. Lakini nilichokifikiria ni mwavuli. Asubuhi zote zile nilizowatambia majirani, mvua yangu ilikuwa inapita kwanza kwenye mikono ya wifi. Alikuwa hajaniachia hata hiyo.

Nikajaribu kuirudisha. Lancha aliyotumia sikuijua; kila nilipogusa palifunguka kitu kingine, na mama ananisimamia begani, anaguna. Mwishowe nikamkabidhi wifi simu bila kumtazama usoni. Akagusa hapa, akagusa pale, wingu likarudi na matone yake. Mama akashusha pumzi.

"Na wewe, wifi," mke wa kaka akaniuliza, "kwako umeiwekaje ya huku?"

Aliuliza vizuri tu, kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake. Nikasema simu yangu imeisha chaji. Hapohapo ikaingia meseji, skrini ikawaka mapajani kwangu, na wote watatu tukaitazama: saa ya kupendeza, kalenda, rangi zimepangika, na pembeni hali ya hewa ya Mbeya. Ya Mbeya peke yake. Kama Tosamaganga kulikuwa na jua au baridi, mimi sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nasubiri kuulizwa ya kwangu.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Mpe mkwe akuwekee," mama alisema.

Nikampa. Wifi alikuwa ameshaanza kugusa pale mama alipoinama karibu yake na kumnong'oneza, kwa ule mnong'ono wake unaosikika mpaka barabarani:

"Uiweke kubwa. Huyu naye macho hayaoni vizuri."