Kiredio cha Saa Kumi

Bunluea alikuwa haoni, na kazi yake ilikuwa kuimba sokoni Udon, Thailand, kiredio kikining'inia kifuani na kikombe mkononi. Kiredio kilipiga ala, yeye akaimba. Kikizima katikati ya wimbo anabaki na koo tupu, na koo la mwanamke wa miaka sitini na mbili halishindani na wauza samaki. Viwili vilishamfia hivyo ndani ya miaka miwili. Fundi aliombwa abadilishe betri, akataja bei ambayo ukiongeza kidogo tu unapata kiredio kipya. Wizi wa mchana kweupe, lakini ungemshtaki nani?

Sasa alikuwa na pesa ya kimoja tu. Asubuhi mapema akaenda kwa Wichian, muuza redio.

"Hiki kinakaa na chaji saa kumi, mama. Kumi kavu!"

"Na betri ikifa?"

"Kubadilisha bei ya chee. Usiwaze."

"Wa kwanza alisema hivyo hivyo, na wa pili pia. Nipe kiti."

"Kiti cha nini tena?"

"Nakaa nacho mpaka kizime."

Wichian akacheka, kisha akaona mama hatanii. Saa mbili vipaza sauti vya soko vikapiga wimbo wa taifa, kila mtu akasimama alipokuwa. Ulipoisha, Bunluea akawasha kiredio kwa sauti ya juu, kama ya kazini. Kikifika wimbo wa taifa wa jioni, saa kumi na mbili, atanunua.

Kukaa kulimchosha kuliko kutembea. Siku nzima bila kazi, wali wa kunata na samaki wa kuchoma mapajani, nyimbo zilezile zikijirudia. Mchana usingizi ukambeba.

Alizinduka kiredio kikiwa kimya, jua halichomi tena.

"Kimezima?"

"Sasa hivi tu, mama. Umelala fofofo, wimbo wa taifa umepita, nikaona vibaya kukuamsha."

Akatega sikio. Kinu cha muuza saladi ya papai kilikuwa kinatwanga, lakini kile hutwanga mpaka giza. Angeweza kuwauliza watu. Alichoka kudanganywa, na alichoka zaidi kuhakiki kila neno la kila mtu. Akatoa kitambaa cha pesa, akaanza kufungua fundo. Fundo lilikuwa limekaza.

"Nikusaidie, mama?"

"Fundo langu nalifungua mwenyewe."

"Basi fanya haraka kidogo, nataka kufunga."

Bado anahangaika nalo, vipaza sauti vikakoroma, wimbo wa taifa ukaanza.

Bunluea akasimama. Viti vikakwaruza sakafu soko zima, kinu kikanyamaza. Akamsikia Wichian akisimama kando yake, akihema. Wimbo ule ukipigwa mtu haongei, hata kuomba radhi, kwa hiyo wakasimama bega kwa bega mpaka mwisho.

"Kilizima saa ngapi?" akauliza Bunluea.

"Saa nane."

"Kumbe kilikaa saa sita tu."

"Sita, mama. Nisamehe."

"Mjinga wewe. Miguu yangu yenyewe haifiki saa sita kwa siku. Asubuhi ungesema sita, ningekulipa palepale nikaenda zangu kazini."

Wichian akavuta kiti, akaketi.

"Na betri ikifa?"

Safari hii alitaja bei kwa sauti ya chini. Ilikuwa bei mbaya ajabu, na Bunluea akamwamini, akarudi kwenye fundo lake.