Mkesha Ulioagizwa na Daktari

Kaari analima viazi Kibirichia, na kanisani kwao ndiye huongoza maombi. Tangu usichana wake alikuwa akijiwa na mwanga. Kwanza harufu kama ya udongo ulionyeshewa, kisha kila kitu, hata jembe, kilionekana kinapumua, naye akajua bila kuambiwa kwamba Mungu amekaribia. Baadaye alijikuta chini, ulimi una damu. Mwanga huo ulimjia zaidi baada ya kufunga na kukesha, kwa hiyo washirika walizidisha mikesha.

Mwaka jana alianguka akiwa na mjukuu mgongoni. Mtoto alinusurika kwa kuangukia rundo la majani ya viazi. Mumewe, Murithi, akampeleka hospitali mjini Meru.

"Tutapima ubongo," akasema Daktari Wawira. "Usiku wa kuamkia kipimo, usilale."

"Kumbe na nyinyi mnakesha?" Kaari akacheka. "Na sadaka je?"

"Usiwape mawazo, Mama Kendi," Murithi akamnong'oneza mkewe.

Siku ya kipimo Kaari alilala kitandani, kichwa kimejaa nyaya. Kwenye skrini mistari ilitambaa polepole. Mwanga ukamjia. Mistari ya upande mmoja ikainuka pamoja kama ngano iliyopigwa na upepo, kisha yote. Murithi, ambaye miaka yote alisimuliwa tu habari za mwanga huo, alivua kofia.

Kaari alipozinduka, daktari alimwonyesha. "Ni kifafa, mama. Kinaanzia hapa, karibu na sikio. Njaa na kukosa usingizi hukiamsha. Vidonge vitakizuia."

"Na Mungu?"

"Mashine hii husoma umeme wa ubongo tu. Hilo siwezi kukujibu."

Kaari aligusa skrini kwa kidole. "Basi aliniumbia hata mahali pa kumsikia. Padogo hivi!" Akamgeukia daktari. "Nikimeza, hatakuja tena?"

"Mwanga huenda usije."

Kaari alimfikiria mjukuu. Akanyoosha mkono apewe vidonge.

Mwanga haujarudi. Jumapili ya kwanza alisimama mbele ya kanisa, akafumba macho, akangoja. Hakuna harufu, hakuna kitu. Washirika wakangoja naye. Mwishowe akaombea mvua na wagonjwa kwa maneno ya kawaida.

Walipofika nyumbani Murithi akamwuliza, "Ulisikia nini?"

"Sikusikia chochote," akasema. "Lakini nilijua kuna anayenisikia. Mwili wote ulinisisimka, Murithi. Sijawahi kumwogopa hivyo."